Makosa Sita ya Kimchi

Jumatatu, Novemba 10

Habari kubwa. Jana baada ya ibada mke wa mchungaji alisimama na karatasi yake akatangaza kwamba Shemasi Bok amefanyiwa upasuaji wa mgongo. Tukasikitika. Halafu akasema kwa hiyo beseni halina mtu. Hapo nikaacha kusikitika.

Beseni ni lile kubwa jekundu la siku ya kutengeneza kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, ya kula majira ya baridi. Ndani yake huchanganywa pilipili ya unga, vitunguu saumu, figili na maji ya dagaa, kisha wengine wanapaka kwenye kabichi mia na hamsini za kanisa. Anayechanganya ndiye mwenye siku. Waliobaki ni mikono ya kuazima.

Mimi nina miaka kumi na tisa katika kanisa hili la Wakorea la Palisades Park, na miaka yote kumi na tisa namenya vitunguu saumu. Nyuma, karibu na choo. Mwaka jana vijana walipiga video ya siku nzima wakaiweka mtandaoni. Binti yangu Dahye akanipigia kutoka Chicago, akaniuliza mbona sikwenda. Nilikwenda! Dakika ya nne, kiwiko cha kushoto. Nilimwelekeza mpaka sekunde. Hakukiona. Iliniuma, na bado inaniuma.

Majina yamebaki mawili. Langu na la Mama Taeyul, aliyehamia kutoka Atlanta mwaka huu. Jumapili ijayo kila mmoja alete kimchi yake, wazee waonje, waamue.

Kwa haki beseni ni langu. Nina chaneli, Jiko la Mama Dahye, mwaka wa tatu sasa. Wafuasi mia mbili na kumi na nne. Wawili ni mimi. Mmoja ni mume wangu, aliyeingia kwa bahati mbaya akitafuta besiboli na hajui pa kutokea. Mama Taeyul hana chaneli. Hata simu yake ina ufa. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia yule mama ana mkono, akigusa chakula kinakuwa kitamu. Ana mkono! Mimi nina nini, mguu?

Jumanne, Novemba 11

Nimejaribu kupiga video ya kimchi. Imeharibika. Mtazamaji mmoja wa Ohio aliuliza wiki iliyopita maji ya dagaa ni vijiko vingapi. Nikamjibu, ya kutosha. Akauliza ya kutosha ni kiasi gani. Nikamjibu, mpaka yatoshe. Akaondoka. Dahye akasema, Mama, nunua mizani. Nimenunua. Leo nimepima kila kitu kwa gramu, na kimchi imetoka na ladha ya dawa ya kikohozi. Maishani mwangu sijapima kitu, na kila nikitengeneza inatoka tofauti. Mama yangu naye alikuwa hivyohivyo. Hatukuwahi kuona tatizo.

Kwa hiyo nahitaji kujua siri ya Mama Taeyul. Kimchi yake sijawahi kuionja. Kumwomba siwezi, nina heshima zangu. Ila nimepata njia.

Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukipelekewa chakula, ukirudisha kontena bila kitu ndani watu watakusema mpaka mji wa pili, Fort Lee. Basi nimpelekee chakula kwenye kontena langu. Atalazimika kulijaza. Na mwezi wa Novemba mwanamke wa Kikorea atalijaza nini kama si kimchi?

Saa nne nimempelekea japchae, zile tambi zetu na mbogamboga. Saa kumi kontena limerudi. Machenza.

Jumatano, Novemba 12

Nimewaza usiku kucha na nimeliona kosa. Kontena lilikuwa dogo, linaalika matunda. Tena tambi hazidai kimchi.

Leo nimepeleka kontena kubwa la mfuniko wa kijani, limejaa nyama ya nguruwe ya kuchemsha. Hiyo inadai kimchi. Atakayerudisha machenza kwenye kontena lililotoka na nguruwe hana malezi.

Mama Taeyul alipokea kwa mikono miwili akanitazama sana. Akauliza kama kuna sikukuu. Nikamwambia hapana, ni upendo tu. Akasema jana pia ilikuwa upendo. Nikasema ndiyo, mwezi huu ninao mwingi. Nikaondoka kabla hajauliza zaidi.

Baba Dahye alirudi kutoka kazini akakuta tambi za pakiti mezani. Akauliza ile harufu ya nguruwe kwenye ngazi inatoka wapi. Nikamwambia inatoka kwetu, ila nguruwe ameshaondoka.

Alhamisi, Novemba 13

Limerudi! Limejaa kimchi mpaka juu! Mama Taeyul mwenyewe alileta. Aliinama, akaanza kueleza jambo, kwamba samahani hii si, kwamba yake bado, na kadhalika. Adabu tu, kila mtu huomba radhi kwa chakula chake. Nikamwambia haidhuru, haidhuru, nikafunga mlango.

Nikaonja nikiwa bado nimesimama. Nikaketi sakafuni.

Sijui niandike nini. Imechachuka kwa kiasi chake. Inakatika mdomoni kwa sauti. Inaanza na chumvi, halafu utamu wa figili, halafu kitu cha tatu ambacho mama yangu alikuwa nacho kule kwetu Gunsan, nami nilidhani kimezikwa naye. Nililia. Naandika kweli kwa sababu hiki ni kitabu changu: nililia kwa wivu, na kidogo kwa jambo jingine.

Halafu nikachukua mizani. Nimeosha jani moja moja, nimehesabu vipande vya figili, nimekausha pilipili kwa karatasi nikaipima. Nimejaza kurasa tatu za namba. Sijaelewa chochote.

Baba Dahye alionja akasema kwa kawaida kabisa, "Hii si yako?" Nikamuuliza miaka thelathini ya ndoa imemfundisha nini huyu mtu. Hana ulimi.

Ijumaa, Novemba 14

Nikipambana naye kwa haki nashindwa. Hilo liko wazi. Basi nisipambane kwa haki.

Leo nimepiga video. Nimeiita Makosa Sita ya Kimchi. Wazee watatu wa kanisa wananifuatilia, na mke wa mchungaji huangalia kila kitu. Wakishayasikia makosa, Jumapili wataonja kimchi ya Mama Taeyul wakiyatafuta, na ukitafuta kosa unalipata. Jina lake sikulitaja. Nilisema kwa upole kwamba aliyeitengeneza simtaji, nalinda heshima yake, nia yangu ni kufundisha.

Kazi ngumu sana! Lazima nitafune nikikunja uso, na mdomo unataka kucheka kwa utamu. Mara nne nimesimamisha kamera kwa sababu nilikuwa naendelea kula. Nimesema rangi imezidi. Vitunguu saumu vimezidi. Maji yamezidi. Chumvi ni ya mtu mwenye haraka. Kabichi imekatwa na mtu asiye na subira. La sita nimelisema taratibu, nikiitazama kamera: huyu hana mkono.

Nikanywa maji, nikapandisha video.

Jumamosi, Novemba 15

Mambo yanakwenda vizuri, nadhani. Sielewi.

Watazamaji elfu tatu. Wafuasi mia tano na kumi! Mke wa mchungaji amepiga simu asubuhi, sauti imemjaa. Akasema ameitazama mara mbili na Mungu anibariki kwa moyo huo. Nikamuuliza moyo upi. Akasema, unaona, hata sasa. Akakata.

Shemasi Bok ameandika kutoka kitandani kwake kwamba amejifunza jambo. Mzee Gil, asiyenisalimu tangu mwaka juzi kwa sababu ya maegesho, ameniinamia katikati ya Broad Avenue. Nimegeuka kuangalia nani yuko nyuma yangu.

Nimemuuliza Baba Dahye kama ni kawaida watu kukushukuru hivi kwa kumsema mtu. Akasema katika kanisa letu inawezekana.

Kimchi ya kesho nimetengeneza mpya. Kwa mizani tena, hatari tupu.

Jumapili, Novemba 16

Niandike kwa mpangilio.

Ibada. Mchungaji anahubiri unyenyekevu. Anasema kuna dada mmoja kati yetu ambaye, siku mbili kabla ya kushindanishwa, aliichukua kazi ya mikono yake mwenyewe, akaiweka mbele ya dunia nzima, akayataja makosa yake moja baada ya jingine, na jina lake akalificha. Nikasema moyoni, ni mjinga gani huyo? Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Bado sikuelewa. Mke wa mchungaji ndiye aliyenieleza tukiwa mezani, akinishika mkono, akidhani ananikumbusha. Ile kimchi ni yangu. Yangu! Niliwapelekea nyumbani kwao sikukuu ya mavuno, Chuseok, wiki sita zilizopita. Friji ya mchungaji hupokea kimchi kutoka kila upande, haina nafasi, naye akampa nusu Mama Taeyul. Mama Taeyul alipoona kontena langu la nguruwe akakuta kimchi yake mwenyewe bado mbichi. Kulirudisha tupu hawezi. Akalijaza ile, na pale mlangoni akataka kunieleza, nami nikasema haidhuru. Ijumaa akaona video akashangaa, akampigia mke wa mchungaji kuuliza ile ilikuwa ya nani.

Wote wawili wakaamua kwamba naijua kimchi yangu. Nani asiyeijua kimchi yake?

Nilikaa na kijiko mkononi. Nilitaka kusema. Lakini niseme nini? Kwamba nilidhani namharibia mwenzangu? Nikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kukaonekana ni unyenyekevu.

Wazee hawakuonja. Mzee Gil alisema hakuna haja, kwa kuwa dada mwenyewe ameshatoa ushahidi juu ya kimchi yake, makosa sita, na hawezi kulazimishwa kubeba beseni asilolitaka. Beseni kwa Mama Taeyul. Watu wakapiga makofi, na makofi mengi yalikuwa yangu.

Halafu ikaja ile ambayo sitaisahau. Mama Taeyul alisimama, machozi yanamtoka, akalibeba beseni mwenyewe kutoka stoo, akaliweka mbele ya miguu yangu. Mbele ya kanisa zima, na kijana anapiga video.

"Mdogo wangu," akasema, "hili ni lako. Mimi niliila ile kimchi yako na wanangu tukagombania mchuzi. Lichukue."

Beseni liko pale. Jekundu. Na mimi najua adabu. Mtu akikupa jambo kubwa unakataa la kwanza, anakusihi, unakataa la pili kwa sauti ya chini, anakusihi tena, ndipo unapokea. Mtoto wa miaka mitano anajua.

"Hapana, dada," nikasema, nikainama. "Mimi sistahili."

Nikasubiri.

Mama Taeyul alinitazama kama anayetazama mtakatifu. Akajifuta machozi.

"Nilijua utasema hivyo," akasema. "Sitakusumbua tena."

Akalibeba beseni akaondoka nalo.

Jumatatu, Novemba 17

Dahye amepiga simu. Ameiona video ya kanisa. Akasema ameniona, uso mzima, dakika tatu, na amewaonyesha wenzake kazini. Akasema ile kimchi hata kwenye simu aliitambua, ni ya nyumbani, na alitamani aingize mkono kwenye kioo achukue. Halafu akaniuliza, "Mama, kwa nini ulisema huna mkono?"

Nimemwambia ni mbinu za kufundisha.

Nimekaa na kontena la kijani jikoni. Vimebaki vipande vichache. Nimeonja tena. Bado ni tamu, bado kitu cha tatu kipo. Nimetafakari kwa makini, bila haraka, na sasa nimeijua siri. Ni friji. Wiki kadhaa kwenye friji ya mchungaji, kisha kwenye friji ya Mama Taeyul, kimchi yoyote lazima inyooke. Nimemwambia Baba Dahye tutafute friji kama zile, zote mbili. Amekwenda kulala saa mbili na nusu.

Wafuasi elfu moja mia tatu na sita. Wanauliza somo lijalo ni lipi.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe ya kimchi. Mke wa mchungaji amenipa vitunguu saumu tena, kilo arobaini, kwa heshima maalumu. Mama Taeyul amesema na yeye, akimaliza beseni, atakuja kukaa sakafuni amenye pamoja nami. Nimelishtukia hilo. Anataka kunipita kwa unyenyekevu. Hataweza. Nitafika saa kumi na moja alfajiri, nitakaa karibu na choo kabisa, nitakataa mto wa kukalia, na nimeshachagua mahali pa kusimamisha kamera.