Bolti ya Kibuyu cha Posa

Alhamisi, 10 Julai 1986. Kamuli.
Nimeamua. Jumapili napeleka posa kwa Mzee Ndyamukama, kumwomba binti yake Jovitha. Evaristi kanitangulia wiki iliyopita, ila Mzee hajamjibu. Evaristi ana ekari tatu za kahawa na baiskeli. Mimi nina kamusi ya Kiingereza, jalada halipo. Lakini Mzee alikuwa katekista, anaheshimu elimu. Mshenga sihitaji. Nitasema mwenyewe!

Ijumaa, 11 Julai.
Nimesoma tangu asubuhi, shamba limelala. Nimepata neno la kumshangaza Mzee: bolti. Kumbe Waingereza wa kale waliita hivyo mshale mfupi, mnene. Baadaye komeo la mlango. Halafu ndiyo hii ya chuma, ya kukazia. Hata farasi akitoka mbio ghafla, neno ni hilohilo! Kamuli nzima najua mimi tu. Nimejisikia mpweke kidogo.

Jumamosi, 12 Julai.
Rubisi tayari, pombe ya ndizi zangu mwenyewe. Dada yangu Auleria akasokota jani la mgomba azibe mdomo wa kibuyu, kama wafanyavyo wote. Nikamzuia. Jani! Kwa posa ya msomi! Nimenunua bolti ya lori mjini Omurushaka, nikaizungushia mpira wa baiskeli, nikaigongomea mdomoni. Somo langu litaanzia hapo. Auleria akasema pombe bado inachemka, inataka kupumua. Nikamwambia hajasoma kamusi.

Jumapili, 13 Julai.
Nilifika, nikatoa shikamoo. Jovitha alipiga magoti kunisalimu, akatabasamu. Kwa tabasamu lile ningebeba vibuyu kumi. Changu kikawekwa mbele ya Mzee. Jua lilikipiga njia nzima, kilikuwa kinanguruma. Nikaanza: bolti, waheshimiwa, hapo kale ilikuwa mshale. Kwenye komeo sikufika. Iliruka! Ikapita sikioni kwa Mzee, ikatoboa dari la matete. Rubisi yote ikamwogesha, na koti lake la kanisani. Evaristi, aliyekuja eti kuazima panga, alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alijifuta taratibu, akauliza kama somo limekwisha.

Jumatano, 16 Julai.
Sijala siku tatu. Nampenda Jovitha, basi, nimeandika. Jioni Auleria kaleta habari: Mzee ameniruhusu nirudi Jumapili, mara moja tu. Nikiharibu tena, binti ni wa Evaristi. Na Jovitha amenitumia kitu, bila neno: jani bichi la mgomba, limesokotwa vizuri, unene wake sawasawa na mdomo wa kibuyu. Nimelia.

Jumamosi, 19 Julai.
Jani nimelihifadhi ndani ya kamusi, ukurasa wa bolti. Zawadi ya mapenzi haitumiwi ovyo. Kosa la Jumapili nimeligundua: bolti haikuwa na nati! Nimepata nati Omurushaka, na waya wa kuifungia shingoni. Kibuyu kipya kimekazwa barabara, hakitoi hata tone. Auleria amekataa kunisindikiza. Nimekiweka kando ya kitanda. Kimeshaanza kunguruma. Nadhani nacho kina hamu ya kumwona Jovitha.