Kamera Mpya na Hedifoni za Miwani

Jumatano, 4 Juni

Imefika! Kamera mpya! Moja tu, lakini kamera hasa. Boksi nimelifungua mimi, Bosi hajaweka hata mkoba wake chini. Nimeinusa. Haitikisiki hata mkono ukitetemeka, inaona mpaka chini ya meza. Juu yake kuna maikrofoni yenye midomo miwili, mmoja unatazama mbele, mwingine unamtazama anayepiga. Huo wa pili ni urembo tu, nadhani.

Imekuja na programu mpya ya kuhariri video. Kitufe kimoja kinapanga rangi, kingine kinasafisha sauti. Raha iliyoje!

Tatizo: studio hii ina wahariri wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Miwani ana adabu mpaka inakera. Jioni anaiaga kompyuta yake.

Bosi katangaza. Jumamosi wazazi wake wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Mimi na Miwani tutapiga picha wote, kila mtu ahariri filamu yake ya dakika kumi, wazee wenyewe waamue. Mshindi anakabidhiwa kamera mpya, iwe yake ya kazi. Atakayeshindwa abaki na ile ya zamani, ambayo nimeifunga kwa mpira wa suruali miaka kumi na miwili sasa. Naitaka hii kamera kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Mke wangu asisome mstari huu.

Tukarusha sarafu, nani aitumie Jumamosi. Nimeshinda mimi! Miwani akanipa mkono wa pongezi. Mtu wa aina gani huyu?

Alhamisi, 5 Juni

Miwani anasoma kitabu cha maelekezo. Chote! Saa nne alikuwa ukurasa wa arobaini. Mimi sisomi, nabonyeza. Mwenye kipaji hana haja ya kusoma.

Akanisomea, bila kuombwa, kwamba kitufe cha kusafisha sauti kinakuza sauti ya karibu na kuzima za mbali. Akauliza kama najua ni karibu na nini. Nikamjibu karibu na moyo. Akarudi kwenye kitabu chake. Nimemmaliza.

Ijumaa, 6 Juni

Nimewaza sana leo. Nguvu ya Miwani iko masikioni. Anavaa hedifoni, anafumba macho, anasikiliza pumzi za watu, ndipo anakata. Kompyuta zetu hazina spika, Bosi alizing'oa zamani kwa sababu ya kelele zetu. Kwa hiyo bila hedifoni Miwani ni nusu mtu.

Alipokwenda kula, nikazichukua. Zimo ndani ya kile kitambaa kikubwa cha kijani cha kutundika nyuma ya wapigwa picha, kilichokunjwa kwenye kona, ambacho hakuna aliyekikunjua tangu tulipopiga tangazo la sabuni.

Mchana Bosi akashangaa mbona Miwani hupoteza muda mwingi kusikiliza. Nikajipiga kifua. Nikasema mimi ni mtu wa picha, naweza kuhariri hata nikizibwa masikio. Bosi akasema amelisikia hilo. Vizuri!

Jumamosi, 7 Juni

Sherehe! Ua mzima umejaa wajukuu. Babu, yaani baba yake Bosi, ana masikio mazito, ukitaka akusikie lazima umsogelee na upige kelele. Bibi ni mdogo wa umbo na anacheka kwa mwili mzima, mpaka kiti kinasogea.

Nilipiga picha kila kona. Nikawa naongea peke yangu, kama kawaida, maana nikinyamaza mkono unakufa ganzi. Mke wangu alikuwa mwalikwa pia, akaniambia mdomo wangu unachezacheza nyuma ya kamera. Nikamwambia huo ndio ufundi.

Juu ya maikrofoni kulikuwa na kitaa chekundu, kimewaka mchana kutwa. Kinapendeza.

Miwani alisimama kimya na kamera yangu ya zamani. Nilimhurumia. Kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Balaa!

Miwani katafuta hedifoni asubuhi nzima. Chini ya meza, kwenye droo, ndani ya birika. Mimi nikamsaidia kutafuta, kwa bidii, mbali na kona. Bosi akaingia akauliza kulikoni. Akafikiri, kisha akaniagiza nimpe Miwani hedifoni zangu, maana mimi mwenyewe nilisema naweza kuhariri masikio yakiwa yamezibwa.

Ningesema nini? Kwamba jamani, subirini, nazitoa zake kwenye kitambaa? Nikatoa zangu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Miwani akasema tutumie kwa zamu. Nikakataa. Mimi niombe zamu ya hedifoni zangu mwenyewe? Thubutu!

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza! Nimehariri kwa macho tu. Picha tamu, rangi tamu, Babu anang'aa. Mwisho nikabonyeza kitufe cha kusafisha sauti, mara mbili ili isafike hasa. Vile vimstari vya sauti vikacheza vizuri kwenye skrini. Kama vinacheza vizuri, bila shaka vinasikika vizuri.

Miwani hajamaliza hata nusu. Bado anasikiliza pumzi.

Nimeitazama filamu na mke wangu pale studio. Kaisifu. Akauliza kinachosemwa ni nini. Nikamwambia ni hotuba na baraka za wazee.

Jumanne, 10 Juni

Ngoja niandike taratibu.

Saa kumi jioni, sebuleni kwa wazee. Babu na Bibi kwenye kochi, Bosi pembeni, mke wangu, Miwani, mimi kifua mbele. Filamu ya Miwani ikatangulia. Nzuri, nakubali. Hotuba zote zinasikika, kila mtu akapiga makofi. Babu akauliza walikuwa wanasema nini.

Ikaja yangu. Hotuba hakuna! Muziki hakuna! Ile programu imezima kila kilicho mbali na kukuza kilicho karibu, na kilichokuwa karibu na kamera kuliko vyote ni mdomo wangu. Sebule nzima ikanisikia, tena safi, mpaka kumeza mate.

Mjomba wa Bosi kasimama kuhutubia, mimi nasema: huyu ana karatasi ya tatu mfukoni, tumekwisha. Bosi anacheza na mumewe, mimi nasema: Bosi wetu anacheza vile vile anavyosaini barua, kwa hasira. Shangazi anakata keki, mimi nasema: kata kikubwa, shangazi, usituonee haya, tuna njaa.

Nikatamani ardhi inimeze. Halafu ikaja ile mbaya zaidi. Picha ya Miwani upande wa pili wa ua, na sauti yangu inacheka: atazitafuta hizo hedifoni mpaka azeeke, kumbe zimelala kwenye kitambaa cha kijani.

Bosi akageuka taratibu. Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mke wangu akasoma dari.

Kisha kochi likasogea. Bibi! Anacheka! Na Babu anacheka kuliko Bibi, amejishika mbavu, anasema kwa mara ya kwanza amesikia kila neno katika sherehe yake mwenyewe.

Mwishoni mwa filamu wazee wamekaa peke yao chini ya taa za rangi, na sauti yangu ikashuka: mshike mkono, Babu, mshike sasa. Haya! Miaka hamsini na bado anaona aibu kumshika mkono. Mungu, na mimi nijalie hivi hivi, na yule mwanamke wangu mwenye kelele.

Bibi akalia. Babu akamshika mkono, pale pale kwenye kochi. Mke wangu alinitazama vile ambavyo hajanitazama siku nyingi. Nilikuwa na aibu na furaha kwa wakati mmoja, na sikujua pa kuweka mikono yangu. Wakaomba irudiwe. Mara tatu!

Jumatano, 11 Juni

Hukumu. Kamera kapewa Miwani. Bosi amesema hata filamu yangu ingekuwa ya dhahabu, mwizi wa hedifoni hakabidhiwi kamera. Nimeomba radhi. Miwani kasamehe papo hapo. Kanikera!

Ila Bibi ameagiza filamu ya dada yake anayetimiza miaka themanini, na ametaka yule mnong'onaji awepo. Babu amesema bila sauti yangu hatazami kitu. Kwa hiyo Miwani atapiga picha, mimi nitasema. Nimepewa maikrofoni yangu mwenyewe, ya kubana kwenye shati, haina waya! Mke wangu anaimba jikoni tangu jana.

Jumamosi, 14 Juni

Nimejifunza. Sasa mimi ni mtu makini.

Miwani kanieleza maikrofoni mpya kwa nusu saa, nini kinakwenda wapi na nani anasikia nini. Nikaitikia kwa kichwa huku naiangalia kamera. Bado naitaka. Sana!

Siku ya sherehe ya dada yake Bibi, kamera ikiishiwa chaji, Miwani atakwama, na Bosi atatambua nani alistahili. Kwa hiyo alipokwenda chumba cha pili na hedifoni zake, nikaificha chaja. Wapi? Ndani ya kitambaa cha kijani! Nani atafikiria mahali pale pale? Nilijipongeza kwa sauti, nikarudia mpango wote toka mwanzo ili nisiusahau.

Tena nilikagua kwanza. Kitaa cha maikrofoni shatini si chekundu, ni cha kijani. Niko salama.

Kupitia mlangoni namwona Miwani. Amevaa hedifoni, amefumba macho, anatabasamu peke yake. Sijui anasikiliza nini.