Nimetetea Baiskeli za Kisumu Nikiwa na Baiskeli ya Mtu

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya ofisa wa manispaa na nusu ya Kisumu. Nawaandikia haraka haraka nyinyi mliohamia Nairobi, kwa sababu Okoth ameapa atawapigia simu, na Okoth mnamjua. Akisimulia yeye, mtasikia nilikimbia. Sikukimbia! (Nilitaka. Lakini sikukimbia.)

Shida yetu mnaijua. Sisi tunaokwenda kazini kwa baiskeli hatuna pa kuziweka. Ukiegemeza yako ukutani mjini, askari wa manispaa wanapita wanang'oa vavu za magurudumu yote mawili. Unarudi unakuta upepo umeisha, unaisukuma juani hadi nyumbani Manyatta. Ukiwa barabarani nako, wenye magari wanakupigia honi utoke kana kwamba lami imewekwa na baba zao. Basi tukaungana. Tukaomba mambo mawili: vavu zetu ziachwe, na tupewe mahali pa kuegesha penye mlinzi karibu na soko. Na nani akachaguliwa msemaji? Mimi! Ouma, karani wa bohari ya pamba. Wiki nzima nilikuwa natembea kifua mbele.

Asubuhi tukakusanyika kwa Mama Apiyo, kile kibanda cha chai pale Kibuye. Baiskeli tukaziegemeza kwenye ua wake, pamoja na za wachuuzi wa soko. Zote nyeusi. Zote za chuma. Zote na kufuli zile ndogo za bei rahisi. Nilikuwa nachovya andazi la pili, nikikariri hotuba yangu, Okoth akaingia mbio.

"Omera, ndugu yangu, wacha chai! Ofisa anasema tukuje sasa hivi, ako na safari!"

"Si alisema mchana?"

"Ouma, ukikaa hapo unauliza maswali, ndio imeisha hivyo!"

Nikaruka. Nikatia ufunguo, kufuli ikafunguka, nikapanda. Laiti ingekataa, saa hii ningekuwa mtu wa heshima! Lakini kufuli za soko letu mnazijua. Ufunguo mmoja unafungua nusu ya mtaa.

Jamani, msafara ule! Safu nzima ya baiskeli barabarani, kengele zinalia, akina mama wa nyanya wanatupungia. Dereva mmoja wa pikapu akatoa kichwa dirishani.

"Toeni hiyo takataka kwa barabara!"

"Barabara ni ya wote, bwana!" nikamjibu, hata sikugeuka.

Wenzangu wakashangilia. Nikajiona mkubwa. Niliona kiti kiko chini kidogo, magoti yanagonga usukani, nikadhani ni furaha imeniongeza urefu. Nilisikia harufu ya samaki, nikasema ni upepo wa ziwa. (Upepo wa ziwa ulikuwa unatoka kwenye keria nyuma yangu.) Kisha pale kwenye raundabauti nikabana breki, na breki zikashika! Yangu haina breki tangu mwaka jana, huwa naisimamisha kwa soli ya kiatu. Mtu mwenye akili angeshuka akaangalia. Mimi nilimshukuru Mungu kwa muujiza nikaendelea na safari.

Ofisa akatupokea nje, uani, mikono mfukoni. Dereva wake alikuwa tayari ndani ya gari. Nikajua nina muda mfupi, na kwamba akiondoka bila kukubali, tutasukuma baiskeli hadi tuzeeke.

"Mheshimiwa," nikaanza, sauti ikatoka vizuri, "sisi ni watu wa sheria. Baiskeli zetu zina kengele, zina breki, kila kitu kinafanya kazi!"

Nikaisukuma baiskeli mbele, nikabana breki. Ikasimama papo hapo. Wenzangu wakapiga makofi, ila Okoth, ambaye aliitazama breki, akanitazama mimi, akakunja uso.

"Hiyo ya askari nitaangalia," ofisa akasema. "Lakini mlinzi wa nini? Baiskeli hapa haziibiwi. Na zote zinafanana. Mtu akichukua ya mwenzake si ni kitu kimoja tu?"

Wenzangu wakanung'unika. Mimi nikawaka!

"La, mheshimiwa! Hakuna mtu wa Kisumu asiyeijua baiskeli yake! Mimi hii yangu naijua hata nikifumba macho!"

Na nikafumba macho, jamani. Nikaipapasa mbele ya watu wote. "Huu usukani, nimeuzoea. Hiki kiti, nimekikalia miaka. Hii kengele..." Nikaipiga. Yangu hulia ting. Hii ikakoroma krrr.

Nikafumbua macho.

Ofisa alikuwa amezunguka nyuma, ameinama, anasoma kile kipande cha mpira kinachoning'inia chini ya madigadi. Mnajua watu wetu wanavyopenda kujisifu pale kwa rangi nyeupe.

"BABA ACHIENG," akasoma kwa sauti. "SIMBA WA KISIAN." Akasimama, akaninyooshea mkono. "Hongera, Baba Achieng. Msichana ana umri gani?"

Sina mtoto. Sina hata mke! Na Kisian huwa napita tu nikienda Busia. Nyuma yangu nikamsikia mtu anasema polepole, "Kumbe Ouma ako na mtoto?"

Mara kelele zikatokea langoni.

"Mwizi! Jakuo! Shikeni huyo!"

Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kijani, juu ya baiskeli ambayo kiti chake kilimzidi. Miguu ilikuwa inazitafuta pedali hewani. Mbele ya usukani wa ile baiskeli, jamani, niliisoma rangi yangu mwenyewe: OUMA SAUTI YA WANYONGE. Kumbe alikuta yake haipo, akachukua iliyobaki kutufuata, na ufunguo wake ulikuwa umefungua kufuli yangu! Lango la manispaa lina mteremko. Alikuwa anakuja kwa kasi, anabana breki kwa mikono yote miwili.

"Haishiki!" akapiga yowe. "Uwi! Hii kitu haina breki!"

"Tumia kiatu!" nikamwambia. (Ndiyo, mimi mwenyewe. Kwa sauti ile ile ya hotuba.)

Ofisa akaruka kushoto. Mzee akapita pale pale alipokuwa amesimama ofisa, akaingia ndani ya ua wa maua, akapotea. Ikabaki kofia tu juu ya majani. Tukakimbia kumtoa. Hakuumia, Mungu ni mkubwa, alichubuka kiwiko tu. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa.

"Huyu ndio amechukua baiskeli yangu! Mimi nabeba samaki nayo! Halafu ananiachia hii jeneza yake!"

"Pole sana, Mzee," nikasema nikiangalia chini. "Zinafanana."

Watu wote wakasikia. Ofisa akasikia. Akaanza kutetemeka mabega, nikadhani ni hasira, nikaanza kuagana na ombi letu moyoni. Kumbe alikuwa anacheka! Alicheka hadi akashika boneti ya gari.

"Basi, basi," akasema, akifuta machozi. "Nilikuwa nimekataa. Lakini kama msemaji wenu mwenyewe ndiye huyu, nyinyi mnahitaji mlinzi. Mtapata! Kila baiskeli itavaa kibao chake cha namba. Na askari hawagusi tena vavu." Kisha akanigeukia. "Wewe hutapanda hiyo yako tena mpaka ipate breki."

Wenzangu walinibeba juu juu, jamani! Wanaimba, wanacheka, mzee naye anapiga makofi, kiwiko kimoja kimefungwa leso. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba naona aibu. Baadaye wakapanda baiskeli zao wakaenda zao kwa shangwe katikati ya barabara, na msemaji wao akabaki anaisukuma yake juani hadi Manyatta, magurudumu yote mawili yamejaa upepo.

Basi nawaomba msicheke. Na mkija likizo, mkitaka kuiona baiskeli yangu, msihangaike kunitaja jina, la Ouma limeshasahaulika mjini. Mwulizeni mlinzi iko wapi ya Baba Achieng. Atawaonyesha yangu.