Bakteria Anayeitwa Nukaga

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Profesa Orikasa ametangaza kwamba maabarani kuna nafasi moja ya kudumu. Sisi tuko wawili, mimi na Bi Kuramochi, na mikataba yetu inakwisha mwezi huu. Atakayegundua bakteria mpya, asiyejulikana na sayansi, ndiye anayebaki. Kuramochi akatabasamu. Anajidai! Mtu anayekula mkate asubuhi. Mimi ni mtoto wa mji wa Mito: wali, supu na natto, soya zilizochachuka mpaka zinatoa nyuzi ukizikoroga. Mama ameniambia nisimtie aibu, maana majirani ameshawaambia nimebaki.

Mpango: Kuramochi anahangaika na vyakula, mimi nitakwenda kwenye udongo. Nimechota chini ya mplamu nyuma ya hekalu. Kuhani akauliza nafanya nini. Nikasema nasali. Akauliza, kwa kijiko?

Jumatano, 5 Machi

Bakteria ameota! Kisahani kizima cha maabara! Mweupe, amekunjamana, ukimgusa na sindano anatoa uzi. Na harufu yake... imenigusa moyo, sijui kwa nini. Nilitaka kulia. Nimempa jina letu la ukoo, Nukaga. Vinasaba vyake viko kwenye mashine.

Alhamisi, 6 Machi

Sielewi. Ili nipate cha kulinganisha, nilipima pia miso, ule uji mzito wa soya wa kutilia supu, ya bibi mmoja wa mtaani. Humo namo, Nukaga. Herufi kwa herufi! Udongo wa hekaluni na ndoo ya miso vina undugu gani? Nikapima udongo wa bustani ya chuo. Nukaga. Maji ya bomba. Nukaga. Nikatoa kisahani kitupu, sikuweka kitu, nilikifunua tu nikakisogelea na kukisemesha. Nukaga!

Ama ameitawala dunia, ama nina homa. Mama amenishika paji la uso. Kasema homa sina, nina njaa, nile.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeelewa. Ni Kuramochi! Ananiibia bakteria wangu na kumpandikiza kila mahali ili nionekane mjinga. Alipotoka kula nilivifunua visahani vyake vyote, nikavinusa kimoja kimoja. Sikuona Nukaga hata kwa dawa. Mjanja sana huyu dada.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkamata! Visahani vyake vyote leo vimejaa Nukaga. Nikamshtaki kwa Profesa mbele ya watu. Kuramochi alilia. Alisema hiyo ni kazi yake ya mwaka mzima, na sasa imeharibika yote. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka ni mwizi.

Profesa hakufoka. Aliniuliza swali la ajabu, eti asubuhi nimekula nini. Nikamjibu kwa fahari. Akaitazama tai yangu ya shingoni, akaniambia nibonyeze vidole vyangu kwenye kisahani kipya. Na tai pia. Mzee amechoka, naona.

Jumatano, 12 Machi

Vidoleni, Nukaga. Kwenye tai, Nukaga tele, kuliko kule hekaluni. Profesa amesema herufi kwa herufi huyu ni bakteria wa natto, yule yule anayeuzwa dukani, na kwamba nilichogundua ni kifungua kinywa changu. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Nikauliza, sasa huyo mwenye duka alimtoa wapi Nukaga wangu? Wakacheka tena.

Kuramochi peke yake hakucheka. Kumbe akiba kidogo ya bakteria wake ilikuwa imebaki kwenye friji yenye kufuli, na mmoja wao ni mpya kweli. Nafasi ni yake. Alinipa kipande cha sabuni akasema pole, kaka Nukaga. Nimeumia. Nilizunguka mjini mpaka giza likaingia, kwa kuogopa kumwambia Mama. Aliposikia, alifunga pazia la upande wa majirani.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata kazi! Kiwanda cha sake, pombe ya wali, kule mtoni kinataka mtu anayejua vijidudu. Mzee Urushibata, fundi mkuu, alivipenda vyeti vyangu. Alinionyesha matangi, pombe ya msimu mzima imo humo, na akasema ikiharibika mwaka huu ukoo wao unafunga milango. Machozi yalimlengalenga.

Sharti lake ni moja. Alinishika bega akisema: anayefanya kazi humu haruhusiwi kula natto. Bakteria wake ni mkaidi, maji ya moto hayamuui, na akiingia kwenye wali wa kuchachusha, pombe yote inamwagwa. Akauliza, kijana, tumeelewana?

Nikamwambia aondoe shaka kabisa. Bakteria huyo nimemsoma vinasaba mwanzo hadi mwisho, mjini hapa hakuna anayemjua kunishinda. Mzee aliinama kunishukuru. Nikainama zaidi.

Naanza Jumatatu saa moja. Mama amefurahi mno, pazia limefunguliwa. Na sharti la watu lazima liheshimiwe. Nimemwomba siku hiyo aniandalie natto yangu mapema, saa kumi na moja alfajiri, ili nikifika kazini iwe imeshashuka tumboni.