Mzee wa Korasi Hanyamazi

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu Miwani ametangaza rasmi. Darasa letu la watu wazima, la fasihi ya kale, linafika mwisho wiki ijayo. Atakuja Mkaguzi kutoka ofisi ya elimu. Tufaulu mambo mawili: mtihani wa mizizi ya maneno, Kilatini kile, na mchezo wa jukwaani kwa mtindo wa Wagiriki wa kale. Tukifaulu, Mkaguzi anatia saini vyeti palepale. Tusipofaulu, kila mtu arudi kwake mikono mitupu.

Cheti changu nimeshakipigia msumari. Ukutani, juu ya redio. Karatasi zenye jina langu ninazo mbili tu: kadi ya kliniki ya presha, na barua ya shukrani kutoka hospitali niliyofulia mashuka miaka thelathini na moja. Na hiyo barua jina wamelikosea! Shule nilitolewa darasa la tatu ili kaka yangu aendelee. Kaka mwenyewe hata vifungo vya shati hakujua kufunga.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, naye yumo darasani. Yumo kwa sababu nimo. Nikinunua sufuria, naye sufuria. Ana vyeti viwili tayari, cha ushonaji na cha huduma ya kwanza. Kavitundika pale ambapo mgeni hawezi kunywa chai bila kuvitazama. Leo kaniuliza, kwa sauti yake ile ya kupaka mafuta, kama masomo hayanichoshi wifi yake, maana umri nao. Umri! Amenizidi miaka miwili.

Nitampita. Nimeshapanga.

Jumanne, 5 Machi

Mizizi. Mwalimu anasema maneno husafiri kuliko watu. Sabuni ni neno la Walatini, likapita kwa Waarabu, likatufikia. Meza nayo ya Walatini, ikaja na Wareno. Nikamwambia hapana. Nimefua miaka thelathini na moja, sijamwona Mlatini hata mmoja akija kudai sabuni yake. Waliikuta kwetu, wakaipenda, wakaondoka nayo. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akanieleza upya polepole kama anayemlisha mgonjwa uji. Nikaitikia ndiyo. Aliyesoma sana usimvunje moyo.

Tatizo, mizizi haikai kichwani. Basi nimebandika karatasi nyumba nzima. Kwenye sabuni, *sapo*. Kwenye kopo, *cuppa*. Kwenye balbu, *bulbus*. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni nesi. Alipotoka zamu akakuta meza imeandikwa. Akaniuliza kwa adabu, mama, umeanza kusahau majina ya vitu? Nikamjibu sisahau kitu mimi. Hata siku aliyounguza sufuria yangu naikumbuka. Jumapili ile, asubuhi.



Ijumaa, 8 Machi

Mtihani! Niligundua jambo jana. Nikiiona sabuni, mzizi unakuja. Nisipoiona, hauji. Sasa Mwalimu alisema ni marufuku kuingia na daftari, kitabu au karatasi ya kunakilia. Hakusema marufuku kuingia na sabuni. Nikapakia kapu: sabuni, kopo, balbu, leso, vitu kumi na tisa, kila kimoja na maandishi yake ubavuni. Nikaingia kifua mbele.

Mwalimu akauliza kapu la nini. Nikasema natoka dukani. Akasema vizuri, mama, ila liwekwe mbele, juu ya meza ya mwalimu. Mwenyewe akavipanga vitu vyangu vizuri visianguke. Maandishi yakatazama darasa, migongo ikamtazama yeye.

Loh! Darasa zima likanyanyua shingo kama kuku waliosikia punje. Muuza nyama wa kona aliandika mpaka akatoa jasho. Kinyozi, ambaye tangu Januari hajajibu swali, alimaliza wa kwanza. Nimesomesha darasa zima kwa vitu vya nyumbani kwangu na hakuna aliyesema ahsante.

Matokeo mchana. Kila mtu kumi na tisa kati ya ishirini. Mwalimu akafurahi nusura alie, akasema hajawahi kuona darasa lililoelewa kwa usawa namna hii. Kila mtu kumi na tisa, isipokuwa Wifi. Wifi ishirini. Swali la ishirini lilikuwa meza, na meza haiingii kapuni.

Jumamosi, 9 Machi

Mchezo. Mwalimu kautunga mwenyewe, kwa kufuata Wagiriki. Uko hivi. Mfalme kaapa kwamba mgeni wa kwanza kupita langoni atamchinja. Mgeni anapita. Kumbe ni mwanawe, aliyepotea akiwa mchanga. Mfalme anamchinja bila kujua. Malkia anatokea, anamtambua mtoto, analia mistari themanini na minne. Kisha Mfalme anajua, naye ameshachelewa. Watu wanarudi nyumbani wakisikitika. Ndiyo starehe yao Wagiriki.

Muuza nyama ni Mfalme, kwa kuwa kisu anakijua. Kinyozi ni mgeni. Malkia nilijua ni mimi. Nilishamwambia fundi cherehani anipunguzie gauni kiunoni.

Malkia ni Wifi! Mwalimu kasema kwa sababu ya zile ishirini.

Mimi nimetiwa kwenye korasi. Ni wazee wanne tunaosimama pembeni na kuitikia. Mfalme akikosea, tunasema ole. Akikosea tena, tunasema ole, ole. Wifi akanishika bega, akaniambia usijali wifi, hata pembeni nako ni jukwaani.

Jumatatu, 11 Machi

Mpango mpya. Mtu mwenye majivuno humpigi, unamsifu. Jana asubuhi nikaenda kwake, nikakaa chini ya vyeti vyake, nikamwambia wifi, sauti yako ile ya kulia, darasa zima tumeisikia na mwili ukasisimka. Ila pale mwishoni irudie kidogo. Akairudia. Nikasema ah, karibu. Akairudia. Majirani wakagonga ukuta. Nikamwambia wivu huo, endelea. Mpaka adhuhuri kalia mara kumi na moja.

Leo sauti hana! Anakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Nilienda mazoezini nimevaa gauni kabisa, la Malkia, chini ya koti.

Wifi akasimama, akafungua mdomo, ikatoka ile sauti ya kukwaruza. Muuza nyama akafuta macho. Mwalimu akasema hiyo ndiyo! Huo ndio uchungu aliokuwa akiutafuta tangu ujana wake! Akamkataza kutumia asali mpaka Ijumaa ipite.

Nilibaki na koti langu mazoezi yote. Joto lilinipika.

Jumatano, 13 Machi

Nimegombana na Mwalimu. Si ugomvi, nilimfundisha.

Kwenye mistari ya korasi tunasema sisi ndio tuliompokea mtoto yule alipozaliwa, na alama ya moto begani tunaijua. Haya. Mgeni anaingia, bega wazi, alama hiyo hapo. Mfalme anainua kisu. Na sisi tunafanya nini? Tunasema ole!

Nikamuuliza Mwalimu, hawa ni wazee gani? Wazee wanne, akili timamu, wanaona mtu anachinja mwanawe na hawamwambii? Penye wazee haliharibiki neno. Hapa wazee wapo na neno linaharibika mbele ya macho yao, nao wanaimba! Akanieleza kwamba korasi huona, hujua, huomboleza, lakini haiingilii. Hiyo ndiyo sheria ya sanaa yenyewe tangu zamani. Nikamwambia basi ndiyo maana Wagiriki hao walikwisha.

Akaniomba. Kwa kweli aliniomba, mikono kifuani. Alisema Mkaguzi ana nakala ya mchezo, ataufuata mstari kwa mstari, na vyeti vya watu wote kumi na sita vimo ndani yake. Vyote, mama. Na chako.

Nikaapa. Ole, na ole ole, basi. Mimi nikisema nimesema.

Ijumaa, 15 Machi

Siku yenyewe. Ukumbi wa shule umejaa. Mwanangu na mkwe wangu safu ya pili. Mkaguzi safu ya mbele, mtu mwembamba, nakala magotini, kalamu mkononi. Pembeni yake kifurushi cha vyeti. Nilikiona changu. Kilikuwa cha juu kabisa, jina zima, herufi zote mahali pake.

Nikasema moyoni, leo mdomo huu ni wa chuma.

Tukaanza vizuri. Mfalme akaapa. Tukasema ole. Mgeni akaingia, bega wazi, alama imepakwa rangi nyekundu. Tukasema ole, ole. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Halafu muuza nyama akainua kisu. Huyu mtu kila siku anakata mifupa, mkono wake unajua njia. Na kinyozi, mtoto wa watu, kapiga magoti, kafumba macho, anatetemeka kikweli. Nikamtazama Mwalimu pale pazia lilipo. Akanitikisia kichwa. Nikautazama mkono wa muuza nyama. Mimi ni mzee wa mji. Nimempokea yule mtoto kwa mikono hii.

Nikatoka kwenye mstari. Nikamwambia Mfalme wee, weka kisu chini, huyo ni mwanao! Tazama bega! Hujaona bega? Mfalme mzima una macho ya mapambo?

Muuza nyama ni kijana aliyelelewa. Mtu mzima akimkemea, haongezi neno. Akashusha kisu. Akasema samahani mama, sikujua. Nikamwambia hukujua kwa sababu hukuuliza, haya mkumbatie. Akamkumbatia kinyozi. Kinyozi akalia machozi ya kweli. Ukumbi ukalipuka! Watu walisimama, walipiga makofi, mama mmoja nyuma akapiga vigelegele. Pazia likafungwa. Mchezo wa saa nzima ukaisha kwa dakika kumi na nne.

Nyuma ya pazia nilimkuta Wifi kwenye vazi la Malkia, taji kichwani, mistari themanini na minne kifuani, na hakuna maiti ya kulilia. Alifungua mdomo kunitukana. Haikutoka hata hewa.

Mkaguzi akafunga nakala yake. Akasema kwa upole kwamba mtoto akiwa mzima, hakuna mchezo wa huzuni, na mchezo ulioandikwa haukuchezwa. Hawezi kutia saini. Akakibeba kifurushi kile chote na kuondoka nacho. Cheti changu juu.

Muuza nyama hakuniangalia. Watu kumi na tano hawakuniangalia. Mwalimu alikaa juu ya kiti cha enzi, miwani mkononi, hakuifuta.

Nimerudi nyumbani nimeutazama ule msumari. Sikula.

Jumapili, 17 Machi

Mkwe wangu kaniambia, mama, nenda kaombe radhi. Nikamwambia siombi radhi kwa kuokoa mtoto. Kisha nikavaa, nikaenda kwa Mwalimu.

Nilimkuta ameshampigia Mkaguzi. Mkaguzi kakubali kurudi, mara moja tu, Ijumaa tarehe 29. Mchezo uchezwe wote mpaka mwisho, na kila mwanafunzi awemo jukwaani, la sivyo darasa hili lisahauliwe. Nikamwambia umefanya vizuri, mwanangu. Akasema darasa limekaa jana bila mimi, likapiga kura kuhusu mimi. Walinitafutia sehemu isiyo na maneno. Wakakosa. Hata mlinzi wa lango ana neno moja. Mwishowe Wifi ndiye aliyepata wazo. Aliliandika kwenye karatasi, sauti bado haijarudi.

Mchezo sasa utaanza na mazishi. Mama yake Mfalme amefariki. Amelala katikati ya jukwaa, kafunikwa shuka mpaka kidevuni, tangu pazia kufunguliwa hadi kufungwa. Huyo ndiye mimi.

Nikamwuliza Mwalimu, katikati? Akasema katikati. Na wote wananililia? Wote, mama, na Mfalme mwenyewe anapiga magoti. Na Malkia? Malkia anakulilia mistari kumi na sita mipya, kabla ya kumlilia mtoto.

Wifi, magotini, mbele ya watu, ananililia mimi! Nikaapa mbele ya Mwalimu na mbele ya mke wake: sitatikisika, sitapumua kwa sauti, sitafungua jicho. Maiti ni maiti. Akaniandikisha na sahihi nikaweka.

Nimerudi na nakala. Nimeisoma mistari ile kumi na sita, polepole, mara tatu. Wifi anasema marehemu alikuwa mkarimu, msikivu, na mwenye maneno machache. Mistari kumi na sita, na hakuna hata mmoja unaosema kwamba nilikuwa mzuri wa sura.

Huwezi kumzika mtu hivyo. Nimemwandikia Wifi marekebisho mawili matatu. Nitayasema mwenyewe palepale jukwaani, taratibu, macho nimeyafumba, midomo haitacheza sana. Mkaguzi hatagundua.