Skrubu ya Hewa ya Khisa

Jumatatu, 7 Julai
Baridi ya Molo leo inakata masikio. Nimefika steji wa kwanza. Wa kwanza! Mwalimu Cheptanui, abiria wangu wa kila asubuhi tangu Januari, akanipita akapanda boda ya Khisa. Amesema pikipiki yangu inatoa moshi mweusi na sweta yake nyeupe imeanza kunuka petroli. Amesema kwa upole, na hapo ndipo panauma. Eti nikirekebisha kabureta atarudi. Ya Khisa inanguruma polepole kama paka aliyeshiba. Namchukia paka huyo.

Jumanne, 8 Julai
Nimejishusha, nikamuuliza Khisa siri yake. Akanijibu mbele ya steji nzima: funga skrubu ya hewa ya kabureta mpaka mwisho, ifungue mzunguko mmoja na nusu, kisha sikiliza injini. Hakuomba hata chai! Mtu hatoi siri yake bure. Nikang'amua mtego papo hapo, nikafungua nusu mzunguko tu. Moshi umeongezeka. Kuku wa Mama Edinah, anayetuuzia chai, wamehamia ng'ambo ya barabara. Lakini nilikuwa karibu.

Jumatano, 9 Julai
Kama yangu haiponi, ya Khisa nayo iugue. Alipoingia kwa Mama Edinah, nilichuchumaa kando ya boda yake nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa gambuti. Hakuna aliyeuliza. Nikachomeka bisibisi, nikazungusha nusu mzunguko, nimnyime hewa. Kufunga ni kuzungusha upande wa kulia. Vidole vilikuwa na ganzi na kichwa nimekiinamisha chini, lakini kulia ni kulia.

Alhamisi, 10 Julai
Msiba! Boda ya Khisa inapanda mlima kana kwamba inateremka. Anajigamba kuwa petroli ya jana bado ipo. Mwalimu Cheptanui amesema hajawahi kubebwa vizuri hivyo. Hajawahi! Na mimi niliyemkwepesha mashimo miezi sita? Kazi nimefanya mimi, sifa anakula yeye. Viazi vya mchana vimenishinda, na mimi viazi havijawahi kunishinda.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani, wakati wa ushuhuda, Khisa akasimama. Akasema yeye hakugusa kabureta, ila Jumatano Bwana aliigusa. Makofi. Mwalimu Cheptanui akafuta machozi. Nilivumilia, Mungu anajua nilivumilia, mpaka makofi ya pili. Nikaruka juu. Nikatangaza kwamba ni mimi, Muiruri, kwa bisibisi yangu mwenyewe! Nikangoja makofi yangu.

Mzee Nderitu, kiongozi wa ibada, akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye pikipiki ya mwenzangu akiwa hayupo. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Khisa alicheka mpaka akaketi. Baada ya ibada akaja kwenye boda yangu na kuifungulia skrubu mizunguko miwili kamili. Akaeleza kwamba huku juu Molo hewa ni nyepesi, kwa hivyo mashine inataka kufunguliwa zaidi, na kwamba mimi ndiye nimemfundisha, kwa ile nusu mzunguko niliyomfungulia nikidhani nafunga. Akaniambia, "Wewe ni fundi, boss, ni vile tu hujijui." Moshi ukaisha. Mwalimu akasikiliza injini, akasema kesho nimpitie saa kumi na mbili na nusu. Atavaa sweta nyeupe. Ananipa nafasi hii moja tu.

Jumatatu, 14 Julai
Saa kumi na mbili na dakika kumi. Injini inanguruma kama ya Khisa. Kama ya Khisa kabisa! Na hiyo ndiyo inayonisumbua. Kwa nini iwe kama yake, isiwe kuliko yake? Na mbona alikuwa anacheka akiirekebisha? Mtu hatoi siri yake bure. Kuna robo mzunguko amejibakizia.

Dakika ishirini zinatosha. Bisibisi hii hapa. Nafungua kidogo tu, upande wa kulia, kama Jumatano.