Mkono wa Kulia na Kiti cha Ndani

Jumatatu, 3 Machi
Mkufunzi ametangaza jaribio la shabaha: Jumamosi. Atakayefuzu atalinda ndani ya benki, kwenye kiti, chini ya feni. Atakayeshindwa ni getini, kupekua mifuko juani. Tunaogombea ni wawili, mimi na Miwani. Miwani! Mtu anayefuta kwanza vioo vyake ndipo aitikie salamu. Nimempigia simu baba mkwe, nikamwambia kiti nimeshakipata. Sikudanganya. Nimetanguliza habari kwa siku tano tu.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Risasi zangu sita zote zilikwenda chini, kushoto, mchangani. Mkufunzi alisema nainyonga bastola. Akaeleza kwamba kiganja cha kulia kikae juu kabisa ya mpini, na mkono wa kushoto ufunike panapobaki wazi. Huo wa kushoto ndio ubane zaidi. Wa kulia ulegee kidogo, kidole kivute bila kuitikisa silaha. Miwani aliandika kila kitu. Mimi niliona tatizo papo hapo: mkono wangu wa kulia hauna nguvu za kutosha.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza kukamua nguo. Mke wangu alikuwa anafua, nikampokea shuka na kulisokota kwa mkono wa kulia mpaka likatoa mlio. Akauliza nimefanya kosa gani. Nikasema hakuna. Akaenda kuleta mablanketi.

Alhamisi, 6 Machi
Nguo za kwetu zimekwisha. Nikahamia kwa jirani. Mke wangu ameambiwa nimeonekana uani nikikamua gauni la mke wa jirani. Hapakukalika! Nilieleza kwamba ni kwa ajili ya bastola. Heri nisingeeleza.
Kazini, Miwani hutumia mapumziko yake kuutazama ukuta, mikono mitupu mbele, vidole gumba vimelala pamoja, anahesabu pumzi. Wenzetu wanamcheka. Mimi namcheka kuliko wote.

Ijumaa, 7 Machi
Kiwiko kimevimba. Dalili nzuri, nguvu zinaingia. Mke wangu ndiye amenifunga vifungo vya shati.

Jumamosi, 8 Machi
Jaribio. Mkono ulianza kutetemeka kabla sijaigusa bastola. Kati ya risasi kumi, mbili zilipata karatasi ya shabaha, na moja ya hizo ilipata karatasi ya Miwani. Mkufunzi aliuliza kama nimetoka hospitali. Miwani alipata tisa. Kumi, ukiongeza yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Getini. Saa nne akatokea baba mkwe, amevaa koti lake la arusi za watu, mfuko mkononi. Amekuja kukiona kiti. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema shikamoo baba, nikampekua. Ndani ya mfuko mlikuwa na mto wa kukalia. Mama mkwe ameushona mwenyewe na kuutarizi kwa uzi mwekundu: Mkwe Wetu. Baba mkwe akachungulia kupitia kioo, akamwona Miwani amekaa. Akauliza kama hapa getini tunaruhusiwa kukaa. Nikasema hapana. Akaniachia mto, akaenda zake taratibu. Niliona aibu. Naiandika ilivyo.

Jumanne, 11 Machi
Miwani amenifuata na kunishauri, kwa upole wote, niulegeze mkono wa kulia. Hata vidole akanipangia. Sijapata kuona hila ya wazi namna hii! Jaribio jingine ni baada ya miezi mitatu. Nimekwenda kwa fundi anayejenga nyuma ya benki, nikamwomba niwe nampondea kokoto kila jioni, bure. Aliniuliza mara mbili kama nyumbani ni salama. Ni salama. Naanza kesho, kwa mkono wa kulia. Kazi ya kokoto hufanywa mtu amekaa, na mto ninao.